Mfupa Juu ya Titani: Safari Yangu ya Kwanza Măgurele

Sisi wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, tunajulikana kwa meno. Maji yetu yana floridi mara kadhaa kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa miaka ile ambayo meno yanajijenga ndani ya ufizi, enameli haikomai sawasawa, na jino likichomoza linakuja na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Mama yangu anayo, dada zangu wanayo, nami ninayo.

Ndiyo maana tangu nikiwa binti mdogo nilikijua kituo cha Ngurdoto, mahali ambapo serikali imekuwa ikitafuta njia ya kuondoa floridi majini kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Wataalamu wa pale walitufundisha kuangalia rangi. Mfupa uliochomwa kwa moto wa kiasi hutoka mweusi, na huo ndio unaoshika floridi. Ambao haukuiva hutia maji harufu na ladha mbaya. Uliopitiliza motoni hutoka mweupe, unapendeza macho, lakini nguvu yake imepungua sana. Kinachofanya kazi humo ni madini yaitwayo haidroksiapatiti: kalsi, fosfati, na vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni zilizoshikana. Ndiyo yanayoipa mifupa na meno yetu ugumu. Nilisoma kemia kwa sababu ya madini hayo, na sasa naifundisha.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ni dereva wa bodaboda. Aligongwa, mfupa wa muundi ukavunjika na kutokeza nje ya ngozi, akafungwa vyuma vya nje, vile ambavyo pini zake hupenya nyama na kuingia mfupani. Baada ya muda baadhi ya pini zikalegea, usaha ukaingia. Daktari alinieleza kwamba kulegea huko ni tatizo la dunia nzima, na kwamba zipo pini zilizopakwa haidroksiapatiti, ambazo mfupa huzikumbatia kwa nguvu zaidi. Nikamwuliza: hupakwaje, ikiwa madini hayo huharibika yakizidishiwa moto? Metali na madini hukutana vipi bila kudhuriana? Akasema kwa upole, "Dada, hilo ni swali lenu wakemia. Sisi wapasuaji tunapokea pini ikiwa tayari."

Nililibeba swali hilo kwa muda mrefu, nikisoma kila nilichopata. Viwandani njia iliyozoeleka ni kunyunyiza kwa plazma. Unga wa madini hupitishwa katika mwali wenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000, chembe zikayeyuka zikiwa hewani na kujibandika kwenye metali, mpaka utando ufikie unene wa makumi ya mikromita. Ni njia ya haraka na imesaidia wagonjwa wengi. Lakini kwa joto lile sehemu ya madini hugeuka kuwa fosfati nyingine za kalsi, na zile huyeyuka mwilini upesi kuliko haidroksiapatiti yenyewe. Kisha nikakutana na kazi ya mwaka 1992 ya Catherine Cotell, Douglas Chrisey na wenzao wa maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, walioweka madini hayo juu ya metali ya titani kwa kutumia leza, kwa utando mwembamba sana. Waliochukua njia hiyo na kuisukuma mbele kwa miaka mingi ni pamoja na watafiti wa Măgurele, mji mdogo kusini mwa Bucharest, Romania. Niliwaandikia. Wakanijibu kwamba naweza kuja kwa ziara fupi, nitazame na kuuliza.

Sikuwa nimewahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Niliondoka Uwanja wa Kilimanjaro usiku, nikabadilisha ndege Istanbul, na kutua Otopeni, uwanja wa ndege wa Bucharest, mchana, mwishoni mwa Februari, theluji ikiwa bado imelala kando ya njia za ndege. Kutoka uwanjani nilipanda treni hadi Gara de Nord, kituo kikuu cha jiji, ambako mwenyeji wangu alikuwa akinisubiri. Ni profesa, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinivisha skafu yake kabla hata ya kunisalimu.

Kuelekea kusini nchi ni tambarare tupu. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo ukiinua macho unauona Meru, kutokuwa na mlima wa kukuelekeza kunatia kizunguzungu. Mashamba yalikuwa meusi penye udongo na meupe penye theluji. Măgurele ina msitu mdogo, nyumba za kawaida, maduka machache, halafu ghafla majengo ya kisayansi, moja baada ya jingine. Hapo ndipo mwaka 1962, miaka miwili tu baada ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza duniani, Ion Agârbiceanu na wenzake walipowasha leza ya kwanza ya Romania. Na hapo hapo, mwaka 2019, mashine nyingine ya leza ilitoa pigo lenye nguvu ya petawati 10, mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani wakati huo. Niliuona mji huo kwa wivu, wivu wa heri. Mji mdogo kuliko Usa River, jirani zetu, na elimu ya mwanga imekaa humo kwa zaidi ya miaka 60 bila kuhama.

Leza niliyoijia mimi si kubwa. Ni ya gesi, kriptoni na florini, na kukutana na florini huko, tena ikiwa inafanya kazi ya maana, kulinigusa mimi mtoto wa Maji ya Chai kuliko nilivyotarajia. Mwanga wake ni urujuanimno wa nanomita 248, jicho haliuoni. Unaingia kwa dirisha maalumu katika chumba cha chuma kisichoshika kutu, ambacho pampu zimekwisha kukiondolea hewa. Ndani kuna kidonge cheupe cha haidroksiapatiti kinachozungushwa polepole. Hicho ndicho shabaha. Sentimita chache mbele yake, kikiwa kimebanwa juu ya hita, kipo kipande cha titani kilichosuguliwa kikang'aa.

Tulivaa miwani. Fundi, kijana mmoja mkimya, akaanzisha mashine, nikasikia mapigo yake: ta, ta, ta, ta, kumi kwa sekunde. Kila pigo hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde, nanosekunde zisizofika hata mia. Katika muda huo ngozi ya juu ya kidonge haipati nafasi ya kuchemka polepole. Inapasuka kuwa atomu, ioni na vipande vya molekuli, vyote vikiruka mbele kwa pamoja. Nikauona mwali: ulimi wa mwanga mweupe wenye kuelekea rangi ya chungwa, ukitoka kwenye kidonge na kugusa titani, ukizimika na kuwaka. Nilisahau baridi, nilisahau uchovu. Madini ya mifupa yalikuwa yanavuka mbele ya macho yangu kama nuru.

"Kuvuka ni rahisi," Profesa akaniambia. "Tatizo linaanza yanapofika."

Haidroksiapatiti ina kalsi kumi kwa fosforasi sita, uwiano wa 1.67. Katika safari ile fupi kutoka kwenye kidonge, haidroksili hupotea kwa urahisi, na fosforasi nayo ni tete. Ukiyaweka madini juu ya titani baridi ndani ya ombwe, unapata utando usio na mpangilio wa kifuwele, uliopungukiwa na baadhi ya viungo vyake. Utando wa namna hiyo ukiingia katika majimaji ya mwili huyeyuka ukatoweka kabla mfupa haujapata nafasi ya kuushika. Kwa hiyo unahitaji mambo mawili. La kwanza ni joto, kati ya nyuzi 400 na 600, ili atomu zipate nguvu ya kujipanga. La pili ni mvuke wa maji ndani ya chumba, kiasi kidogo tu, ili haidroksili zisikimbie, na zilizokimbia zipate wa kuzirithi. Nilioneshwa chupa yenyewe, maji safi matupu, imeunganishwa na chumba kwa vali nyembamba kuliko kidole. Maji hayo ndiyo yanayoyahifadhi madini.

Lakini upande wa pili ipo titani. Titani ni metali yenye uchu mkubwa wa oksijeni. Hata kipande kilichokaa mezani kina ngozi ya oksidi yenye unene wa nanomita chache, na ngozi hiyo ndiyo sababu mwili unaikubali. Mtafiti wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua kukubalika huko katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza mtiririko wa damu katika mifupa ya sungura: vyombo vyake vya titani vilishikana na mfupa visitoke tena. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani. Sasa itie titani hiyo katika nyuzi 600 na mvuke wa maji. Mvuke ule ule unaoyaokoa madini unaitafuna metali. Ngozi ya oksidi inanenepa.

Profesa aliniwekea mbele vipande kadhaa vya titani ambavyo havikupakwa kitu chochote, vimepashwa moto tu kwa viwango tofauti. Kimoja kilikuwa rangi ya dhahabu, kingine zambarau, kingine buluu kali kama shingo ya tausi. Hakuna rangi iliyopakwa humo. Ni mwanga unaorudi kutoka juu ya oksidi na ule unaorudi kutoka chini yake, ikikutana na kupunguzana au kuongezana kulingana na unene. Kipande cha mwisho, kilichopashwa kupita kiasi, kilikuwa kijivu hafifu, na ukikikwaruza kwa ukucha kinaacha unga. Nikakumbuka mafunzo ya Ngurdoto. Hapa pia macho yenye mazoea yanaweza kuusoma moto kabla ya mashine yoyote kupima.

Siku iliyofuata tulikwaruza. Chombo kina ncha ya almasi inayoburutwa juu ya utando huku uzito ukiongezwa taratibu, na hadubini inafuatilia mahali utando unapoanza kuachia. Utando uliowekwa kwa joto la juu mno uling'oka mapema. Nilitarajia nione titani tupu chini yake. La. Upande wa chini wa kile kilichong'oka ulikuwa na oksidi, na titani iliyobaki nayo ilikuwa na oksidi. Utando wenyewe ulikuwa imara. Kilichovunjika ni lile tabaka la katikati, ambalo hakuna aliyelipaka. Ilikuwa kama rangi nzuri iliyopigwa juu ya bati lenye kutu, inayobanduka pamoja na kutu yake.

Hapo ndipo nilipolielewa swali nililomwuliza daktari. Kutazama utando peke yake hakutoshi, na kuitazama metali peke yake hakutoshi. Kazi yote iko mpakani, katika tabaka jembamba kuliko sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele, na mpaka huo haukai kimya. Kalsi inasogea kuelekea kwenye oksidi na kujiunga nayo kuwa titanati ya kalsi. Moto ukizidi, titani huinyang'anya fosfati oksijeni yake, na fosforasi iliyobaki bila mwenza inaingia kwenye metali na kufanya fosfidi. Madini yakiwa peke yake huvumilia joto kubwa kabla ya kuvunjika. Yakiwa yamekalia titani huvunjika mapema zaidi, kwa kuwa jirani yake anayavuta. Halafu kuna kupoa. Haidroksiapatiti hutanuka na kusinyaa zaidi kuliko titani, kwa hiyo vikipoa pamoja utando unavutwa kama ngozi iliyowambwa, na ukiwa mnene unapata nyufa. Hii ni sababu mojawapo inayoupa utando mwembamba wa leza, wa takriban mikromita moja, faida juu ya ule mnene wa plazma.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, maana nilipokuwa njiani kwenda nilidhani kila mmenyuko ni adui. Sivyo. Pasipo mmenyuko wowote utando umekaa tu juu ya metali, hauna kinachoushika. Oksidi kidogo, nyembamba, iliyoshikamana vizuri na titani, ndiyo kiungo. Tena uso wa oksidi wenye haidroksili unaweza hata kuzialika kalsi na fosfati kutoka katika majimaji ya mwili. Kinachotafutwa ni mmenyuko wenye kikomo, na kikomo hicho kinabadilika kwa kila aloi ya titani, kila kiasi cha mvuke na kila kasi ya kupoza.

Watafiti wa Măgurele walijaribu pia kuweka tabaka la kati, mlinzi kati ya pande mbili: nitridi ya titani, oksidi ya zirkoni, oksidi ya alumini. Nitridi ya titani utaitambua, ni ile rangi ya dhahabu ya keekee za kutobolea vyuma zinazouzwa madukani kwetu. Inazuia oksijeni isiifikie metali na inaongeza ugumu. Lakini nayo ikipashwa sana katika mvuke huanza kuoksidika, kwa hiyo mlinzi mwenyewe ana muda wake. Njia nyingine ni kuweka utando kwa joto la chini, kisha kuupasha baadaye katika mvuke, taratibu, ili ujipange bila titani kuumia sana. Mimi naipenda zaidi hii ya pili. Inahitaji subira badala ya vifaa vingi.

Jioni tulitazama matokeo ya eksirei. Utando usiojipanga huonesha mwinuko mmoja mpana usio na sura. Uliojipanga huonesha vilele vyembamba, na cha haidroksiapatiti kirefu kuliko vyote kiko karibu na pembe ya nyuzi 31.8. Kikitokea kingine karibu na 31, fosfati imeanza kugeuka. Karibu na 27.4 ni oksidi ya titani ya aina ya rutili, ishara kwamba metali imeliwa. Nilikaa mbele ya grafu zile mpaka watu wakaanza kuzima taa. Vipande vingine vilikuwa vinaloweshwa katika majimaji yaliyotengenezwa kufanana na ya damu, yenye joto la mwili, kwa utaratibu ulioanzishwa na Tadashi Kokubo wa Kyoto, ili kuona ni utando gani unabaki na ni upi unaota tabaka jipya la madini juu yake.

Kati ya kazi walinikirimu. Tulikula mămăligă, ambao ni ugali wa mahindi ya njano, pamoja na kabichi iliyoviringishwa nyama ndani, na walishangaa nilipouvunja kwa mkono na kuukanda. Tarehe 1 Machi Profesa alinifungia uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, mărțișor, ambao wanawake wa huko hupewa kuyakaribisha majira ya kuchipua. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka barabarani.

Jambo kubwa zaidi nililijua nikiwa karibu kuondoka. Nilikuwa nawasimulia habari za Ngurdoto, Profesa akanikatiza: wao pia wametumia mifupa ya ng'ombe. Badala ya haidroksiapatiti ya kutengenezwa kwa kemikali, walichukua mifupa, wakaisafisha na kuichoma mpaka ibaki madini matupu, wakaisaga, wakaikandamiza kuwa shabaha na kuipiga leza. Madini yale yana magnesi na sodiamu kidogo, kama yalivyo ndani ya mnyama, na hilo linayaweka karibu na mfupa halisi kuliko unga wa kiwandani. Nilinyamaza kwa muda. Malighafi waliyokuwa wakiisifu hutupwa kila siku nyuma ya machinjio yetu.

Ninajua tusichokuwa nacho. Leza ya namna ile ni ghali, gesi zake ni za hatari, na fundi wake anahitaji miaka ya mafunzo. Lakini sehemu kubwa ya swali haihitaji leza. Kujua titani inafanya nini inapokutana na madini ya mfupa chini ya mvuke, kwa nyuzi 400, 500 au 600, kunahitaji tanuri linalodhibitika, birika la mvuke, kipande cha titani, unga wa mfupa uliochomwa vizuri, na nafasi ya kutumia mashine ya eksirei ya chuo chochote kilicho nayo. Kituo cha Ngurdoto kimekusanya ujuzi wa kuchoma mifupa ambao wengi wangeulipia. Liganga, kule Ludewa, kuna mawe ya chuma yenye titani ndani yake. Na wodi za mifupa, kuanzia taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam, hadi hospitali za wilaya, zina vijana wa bodaboda waliolala na pini miguuni.

Kwa hiyo ninakuomba wewe unayefundisha kemia, fizikia au uhandisi katika vyuo vyetu: mpe mwanafunzi wako kazi hii. Asikuandikie tu alichosoma. Apashe, akwaruze, apime, na akuoneshe ni kwa joto gani mpaka kati ya mfupa na titani unashika, na ni kwa joto gani unaachia.